Mto Uliohamia kwa Mama Simu

Buti la kushoto la Mama Simu lilikuwa na tundu karibu na kisigino, na kila Ijumaa jioni alikaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni akilibandika kiraka cha mpira wa baiskeli. Kiraka hakikuvuka Jumamosi. Angeweza kununua mabuti mengine, na Fundi Baiskeli, aliyempa vile vipande vya mpira, alimwambia hivyo mara nyingi. Lakini kubandika kiraka kulimpa shughuli ya Ijumaa jioni, na kulimpa pia sababu ya kupita kibandani kwa Fundi siku ya Alhamisi kuomba mpira. Mtu anayeishi peke yake hatupi sababu hovyo hovyo.

Aliitwa Mama Simu kwa kuwa ndiye aliyepokea simu katika hospitali ya mji mpaka alipostaafu. Mji mzima uliijua sauti yake. Aliwaunganisha wazazi na wodi, waliojifungua na waume zao, na mara nyingi alikuwa mtu wa mwisho kusema "subiri kidogo, usikate" kabla mpigaji hajapewa habari ambayo hakutaka kuisikia. Kisha hospitali ikaweka mashine ya kujibu simu, naye akaagwa kwa keki. Mumewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Binti yake wa pekee aliolewa mji wa mbali, akakaa ghorofa ya juu kabisa, na alipiga simu pale mtandao ulipotaka. Mama Simu akawa anaweza kuimaliza wiki bila kusema zaidi ya "nipe robo kilo" na "asante". Siku nyingine alijikuta anakohoa makusudi, apate kujua kama koo bado linafanya kazi.

Ndiyo maana alijiunga na Marafiki wa Mto. Tusimsingizie mapenzi ya ndege. Wakati ule hakuweza kutofautisha korongo na mwavuli uliofungwa.

Marafiki wa Mto walikuwa watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu na wenye maduka madogo, na kila Jumamosi asubuhi walikutana chini ya daraja. Waling'oa magugu maji, wakaokota chupa na mifuko, wakapanda matete palipomomonyoka, wakatazama ndege gani wapo na gani wameondoka. Mwenyekiti wao alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, mtu mnyoofu kama rula, ambaye hakuwahi kuchelewa wala kucheka kwa sauti. Alikuwa na desturi moja. Kabla hata mmoja wao hajatia mguu majini walisimama duara, naye akamgeukia kila mmoja kwa zamu na kumuuliza, "Umeamkaje?" Kisha akangoja. Hakuwa na haraka na jibu la mtu. Mmoja alisema goti linamsumbua, mwingine alisema mjukuu ameota jino, mwingine alisema hakupata usingizi na hajui kwa nini, na wote walisikiliza mpaka mwisho. Mwenyekiti aliamini kwamba mtu mwenye jambo moyoni hukanyaga vyura.

Jibu lake Mama Simu alilianza kulipanga katikati ya wiki. Alilipunguza hapa, akaliongeza pale, akalitia kichekesho kimoja kwa ajili ya Fundi Baiskeli, ambaye alicheka upesi na kwa nguvu. Lilikuwa ndilo swali pekee aliloulizwa na mtu aliyetaka kujua.

Ng'ambo ya pili ya daraja palikuwa na mbuga. Haikuwa kubwa. Ilikuwa bonde la nyasi ambamo mto ulijinyoosha wakati wa mvua na kujikunja wakati wa kiangazi, na humo bata maji walitaga, vyura walizaliana, na kerengende walipita juu juu wakiwa hawana hili wala lile. Siku moja tangazo likabandikwa darajani. Mbuga ingejazwa kifusi iwe yadi ya malori. Mwenye pingamizi afike ukumbi wa manispaa, Jumamosi asubuhi.

Mama Simu ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema waende.

"Ni asubuhi moja tu, jamani," alisema kwenye duara. "Tukasimame pale watuone sura."

Mwenyekiti alifikiri kwa haki, kama alivyofikiri mambo yote. Akasema kikundi hakijawahi kukosa Jumamosi tangu kianzishwe, na magugu yale yakiachwa wiki moja yatakuwa yameziba mkondo. "Tukiacha kazi ya mto ili tukautetee mto," akasema, "kazi ya mto itafanywa na nani?" Ilisikika kama hoja nzito. Wakanyoosha mikono, wakakubaliana kubaki. Mama Simu naye alibaki, maana ukumbini angekwenda peke yake, na upweke alikuwa nao wa kutosha nyumbani. Jumamosi ile waling'oa magugu kuliko siku zote, wakarudi makwao wamelowa mpaka kiunoni na wameridhika. Ukumbini afisa wa manispaa aliuliza kama kuna mwenye pingamizi, akarudia kuuliza, akajibiwa na viti. Mambo yakaishia hapo, na malori ya kifusi yakaanza kushuka Jumatatu.

Mto ulihamia kwa Mama Simu siku ya Jumanne.

Alishusha miguu kitandani kutafuta ndara na asizikute, kwa sababu ndara zilikuwa zimeshafika jikoni. Maji yalimfika kwenye vifundo. Yalikuwa baridi na maangavu. Yalipita chini ya mlango wa mbele, yakakata sebule, yakalikwepa kabati la vyombo kwa adabu, yakatokea jikoni, na kutoka hapo yakafuata uchochoro wa nyuma hadi kwenye mkondo wao wa zamani, upande wa chini wa ile mbuga. Nyumba ya kulia ilikuwa kavu. Nyumba ya kushoto ilikuwa kavu, na jirani alikuwa nje anaanika nguo. Tope lake lote mto uliliacha kwenye zulia la mlangoni. Chini ya meza, kambale mdogo alikuwa anaiangalia miguu ya meza kwa makini, kama mnunuzi.

Mama Simu alisema, "Karibu," kwa kuwa mgeni ni mgeni. Kisha akaliweka godoro juu ya meza na kumpigia simu Mwenyekiti.

"Mwenyekiti, mto uko kwangu."

"Wote?"

"Naona ni wote. Na samaki."

Upande wa pili zilisikika kurasa za ratiba zikifunuliwa. "Usiusumbue," akasema Mwenyekiti. "Tutakuja Jumamosi."

Na kweli wakaja. Mama Simu hajawahi kuwa na furaha kama ya majuma yale ya kwanza, hata siku ya harusi yake, ambayo aliipitisha akiumwa na kiatu. Aliinua viti juu ya matofali. Aliweka jiko juu ya kabati, akachemsha chai ya birika zima, akatoa vikombe vya wageni ambavyo vilikuwa havijashikwa na mgeni miaka na miaka. Duara lilipopangwa nje kwenye geti, alitoka na mabuti yake akasimama kati ya Fundi Baiskeli na Katibu, ambaye alikuwa mwenye duka la dawa.

"Umeamkaje?" Mwenyekiti akamuuliza.

"Nimeamka na mto," Mama Simu akasema.

Fundi Baiskeli alicheka mpaka akashika mbavu. "Dada, wenzako wanafuga kuku!" akasema. "Wewe umeona kuku hawatoshi!"

Wakaingia, wakafanya kazi. Walipanda matete nyuma ya kochi na mafunjo kwenye pembe iliyokuwa ya redio. Walitoa zulia, kwa sababu lilikuwa linazuia mchanga kutulia. Baada ya mvua za kwanza mbuga yote ilikuwa imefuata. Bata maji walitaga ndani ya beseni la kufulia, na wengine kwenye droo ya vijiko iliyokuwa haifungi vizuri. Mdiria wa buluu alichagua fimbo ya pazia kuwa mahali pa kuvulia. Korongo wawili walisimama juu ya kabati la nguo wakitazama pande tofauti, wamenuniana. Fisi maji akahamia chini ya kitanda, akawa anavunja konokono huko kwa mlio wa mtu anayetafuna karanga. Mama Simu alijifunza majina yao wote. Ukiishi na mtu chumba kimoja unajifunza jina lake.

Lakini siku zilizokuwa si Jumamosi zilibaki ndefu vilevile. Alijaribu kuongea na mto, na mto haukuwa na dharau, ila ulikuwa na safari yake. Neno ulilouambia sebuleni lilikuwa limeshafika uchochoroni kabla hujalimaliza. Bata waliongea wao kwa wao. Korongo hawakuongea na yeyote.

Afisa wa manispaa alifika siku moja, akavua viatu mlangoni na kukunja suruali. Alitazama kila chumba, akashukuru. Akasema manispaa imefarijika mno kuona mto umepata makao, tena bila kuigharimu serikali hata senti. "Kwa hiyo lile suala la mbuga sasa limekwisha," akasema.

"Yadi itaondolewa?" akauliza Mama Simu.

"Hapana, mama. Yadi ya nini kuondolewa? Mto si uko hapa?"

Wiki ile kibao kikasimikwa getini. Kilitolewa na mwenye yadi kama mchango wake kwa mazingira, na chini ya picha ya bata palikuwa na jina la yadi kwa herufi nyekundu. Kiliandikwa ENEO LA HIFADHI, na chini yake: Usilishe. Usipige kelele. Usiwazoee wakazi.

Marafiki wa Mto walikisimamia kibao kile kwa moyo mmoja, kwani yalikuwa maneno yao wenyewe. Chini ya daraja walikuwa wakiyafuata siku zote. Katibu ndiye aliyeanza, tena kwa upole, akiwa amemshika Mama Simu mkono. Akasema ule moshi wa jiko unawakosesha amani bata walioatamia. Mama Simu akalizima jiko, akawa anakula mkate mkavu na ndizi, na chai ya Jumamosi ikaishia hapo. Vikombe vya wageni vikarudi kabatini. Kisha wakakumbushana kwamba ndani ya eneo la mazalia hakuna kuongea. Mama Simu alilikubali na hilo, alilijua, yeye mwenyewe aliwahi kumkemea mgeni mmoja aliyepiga mluzi karibu na viota. Wakawa wanaingia na kutoka kwa ishara za mikono, na wakipita karibu na kiti chake wanainamisha vichwa.

Bado kulikuwa na duara la getini. Hapo palikuwa nje ya eneo, na mtu aliruhusiwa kusema. Lakini kila Mama Simu alipofungua mlango kwenda kujiunga nao, bata waliruka, maji yakachafuka, na ilichukua nusu ya asubuhi kabla hawajarudi kwenye mayai. Mwenyekiti alilieleza jambo hilo kupitia dirishani, kwa sauti ya chini, na kwa haki.

"Tukifungua mlango mara moja tu, sisi tukiingia, madhara yanapungua nusu. Wewe tayari uko ndani. Huna haja ya kutoka ili uingie."

"Na lile duara?"

"Duara utalisikia," akasema Mwenyekiti. "Si mbali."

Na kweli alilisikia. Kila Jumamosi alisimama nyuma ya pazia, chini ya mdiria, akawasikiliza. Goti la mmoja lilikuwa limepata nafuu. Katibu alikuwa na hofu na mwanawe wa kiume. Zamu ya Mama Simu ilipofika, pale kati ya Fundi na Katibu, Mwenyekiti alipita moja kwa moja, hakusita hata kidogo, kwa kuwa hapakuwa na mtu. Jumamosi ya kwanza Mama Simu alijibu vilevile, kwa sauti ndogo, peke yake nyuma ya pazia. Alisema ameamka salama, ila bega limeshikwa na baridi. Korongo mmoja aligeuza kichwa, akamwangalia, akakirudisha kilipokuwa.

Binti yake alipiga simu katikati ya kipindi hicho.

"Mama, mtandao wenu vipi? Nasikia vyura tu."

"Ni vyura, mwanangu."

"Eh?"

"Ni vyura kweli. Niko nao hapa."

"Mama sikusikii. Nitakupigia ukitulia. Uko salama lakini?"

Alisema yuko salama. Hakujua kama jibu lilifika, kwa sababu vyura walikuwa wamepandisha sauti, na yule aliyekaa juu ya simu yenyewe ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. Angeweza kuhamia kwa binti yake. Lilishasemwa, si mara moja. Lakini kule wote wanakwenda kazini alfajiri na kurudi usiku, na ghorofa ile haikuwa na hata bata. Hapa angalau watu walikuja Jumamosi.

Alhamisi moja alitoka kwa mlango wa jikoni, akinyata, akaenda kibandani kwa Fundi Baiskeli. Hakuwa na haja ya kiraka tena, maana maji yalikuwa ndani kwake na buti lilikuwa halikauki. Alikwenda tu. Njiani alipita kando ya yadi. Malori yalikuwa yamejipanga juu ya mbuga, mapya, yameoshwa, na mlinzi alikuwa anakula muwa kivulini.

Fundi alipomwona uso ulimchanua. "Dada!" akasema, akavuta kigoda, akakifuta vumbi. Kisha mkono wake ukasita juu ya kigoda. Akarudi kuchuchumaa kwenye gurudumu alilokuwa analinyoosha, akalizungusha, akalizungusha tena.

"Mimi ndiye nimepewa kusimamia upande wa sebule," akasema, akiliambia gurudumu.

"Nimesikia. Hongera."

"Mwenyekiti anasema wakazi wasizoeane sana na sisi. Wakituzoea, siku tukiwa hatupo hawataweza kujitegemea." Akalizungusha gurudumu. "Si mimi nasema, dada. Ndivyo ilivyo kazi."

"Mimi ni mwanachama, Fundi."

"Najua. Ulikuwa mzuri sana kwenye magugu."

Akamkatia kipande cha mpira bila kuombwa, kipana kuliko vyote alivyowahi kumpa, akakiweka juu ya kigoda na kurudi nyuma hatua chache ili yeye apate kukichukua. Mama Simu alikichukua. Aliporudi nyumbani alikaa juu ya kiti chake akiwa amekishika mpaka giza likaingia, na alilia, ingawa ndani ya nyumba ile machozi hayakuonekana yamekwenda wapi. Fisi maji alitoka uvunguni, akapita chini ya miguu yake akienda uchochoroni.

Baada ya hapo hakutoka sana. Jirani alimrushia mkate na ndizi dirishani alfajiri, kabla mtu hajaona, kwa sababu kulisha kulikuwa kumekatazwa.

Siku ya hesabu ilikuja mwishoni mwa mvua. Kila kiumbe cha mto kilihesabiwa mara moja kwa mwaka, na matokeo yake yalipelekwa mbali, kwa watu waliokusanya hesabu za mito mingi. Mama Simu aliisubiri siku hiyo roho juu. Alijiambia kwamba siku ya hesabu watakaa sana, watatulia, watamwona. Alivaa gauni lake la kazini, lile la buluu lenye kola nyeupe, akachana nywele, akaketi kwenye kiti juu ya matofali katikati ya sebule, miguu ikiwa imening'inia juu ya maji. Alikuwa ameamua kuvunja kanuni. Alikuwa ameiandaa sentensi moja: jamani, kaeni kidogo, tuongee.

Waliingia kwa kunyata, darubini shingoni. Mwenyekiti alisimama mlangoni mwa sebule akawa anataja kwa mnong'ono, na Katibu akawa anaandika. Walianza na fimbo ya pazia, wakashuka kwenye mafunjo, wakaja kwenye kabati.

"Mdiria, mmoja. Korongo, wawili, watu wazima. Bata maji, jike na makinda, kwenye droo."

Mama Simu akafungua mdomo. "Jamani," akasema, "kaeni kidogo, tuongee."

Wote wakasimama palepale. Nyuso zao zikalainika, kama za watu waliobahatika. Katibu akamsogelea Mwenyekiti sikioni. "Ni ile sauti yake ya hospitali," akanong'ona. "Miaka sijaisikia." Mwenyekiti akainua darubini, ingawa alikuwa karibu kiasi cha kuweza kumshika bega, akamtazama kwa makini na kwa heshima kubwa.

"Mama Simu, mmoja," akasema. "Mkazi wa kudumu."

Katibu akaandika.

Mama Simu alingoja mtu acheke. Alimtazama Fundi Baiskeli, ambaye alikuwa anafuta vioo vya darubini yake kwa pindo la shati na alikuwa amevifuta tangu alipoingia. Hakuna aliyecheka. Ilimuuma, ikamuuma vibaya, na chini ya maumivu yale kulikuwa na kitu kingine ambacho alikionea aibu: alikuwa amefurahi kusikia mtu akilitaja jina lake.

Mwaka ule walikuwa wamepata kibali cha kuvisha pete. Ni kazi inayohitaji mikono mizuri, ndiyo maana alipewa Fundi. Kila mkazi hushikwa, akavishwa pete nyepesi ya bati mguuni yenye namba, akaachiwa, ili akionekana mahali pengine ijulikane ametoka wapi. Anayeshika hupasha viganja kwanza kwapani, kisha humsemesha yule aliyemshika mpaka kazi iishe, bila kunyamaza hata kidogo, kwa sababu mkono usio na sauti humtisha kiumbe na moyo wake unaweza kusimama. Mwenyekiti aliwakumbusha hayo. Kusema kwenyewe si lazima kuwe na maana, akasema, ila kusiwe na pengo.

Fundi alianza na korongo. Alimshusha kutoka juu ya kabati, akamkumbatia mbawa, na Mama Simu akasikia sauti ambayo alikuwa hajaisikia tangu zile siku za chai. "Tulia, tulia, mkubwa," Fundi alikuwa anamwambia korongo. "Si kitu. Mimi mwenyewe leo nimeamka mgongo umekaza. Paa la kibanda linavuja, unajua? Nimeweka ndoo. Ndoo nayo imetoboka." Korongo alimsikiliza kwa jicho moja. Pete ikaingia. Akaachiwa, akapanda kabatini. Akafuata wa pili, naye akaambiwa habari za mke wa Fundi, ambaye macho yake hayakuwa mazuri siku hizi na hakutaka kwenda kupimwa.

Walipowamaliza korongo, Mama Simu alipandisha pindo la gauni kidogo juu ya kifundo, akanyoosha mguu mmoja.

Katibu akamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti alifikiri kwa haki. Hakukuwa na kanuni iliyokataza.

"Ni mkazi," akasema.

Fundi akaja akipasua maji taratibu. Akatia mikono kwapani, akangoja ipate joto. Akapiga goti majini na kukishika kifundo cha mguu wake kwa viganja vyote viwili. Mikono yake ilikuwa na ngozi ngumu na harufu ya grisi, na ilikuwa moto.

"Tulia," akasema. "Tulia, tulia. Si kitu. Inaisha sasa hivi." Akakohoa, akaendelea, kwa kuwa haikuruhusiwa kuacha pengo. "Bega nalo lina baridi, eh? Maji haya. Mtoto wangu mkubwa amepata kazi. Mbali, lakini amepata. Mama yake amelia siku nzima, nikamwambia unalia nini, si tuliomba wenyewe? Halafu nikatoka nje nikalia mimi." Alikuwa anaizungusha ile pete taratibu, akitafuta mahali pake juu ya mfupa. "Kibandani kumepoa. Kila Alhamisi huwa nakifuta kile kigoda. Sijui kwa nini nakifuta."

Mama Simu alikuwa na mengi ya kujibu. Alikuwa na majibu ya wiki nyingi, yamepangwa, mengine yana vichekesho. Hakusema hata moja. Aliogopa kwamba akijibu Fundi atakumbuka, na akikumbuka atanyamaza. Alikaa kimya kabisa, ametuliza mguu, akahema kidogo kidogo. Huko yadini lori lilikuwa linarudi nyuma, likipiga ile filimbi yake, na matete ya nyuma ya kochi yakatikisika.

Koleo likabana pete. Fundi akaachia mguu, akainuka, akarudi nyuma hatua chache kama inavyotakiwa, macho yake majini.

Mama Simu akanyoosha mguu wa pili.

Fundi akageuka kumtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akatikisa kichwa, bila ukali, na kuonyesha kidole kimoja: pete moja kwa kila mkazi. Akaashiria jikoni, ambako bata wa beseni walikuwa bado. Wakaenda mmoja mmoja, wakinyata, na Fundi akaenda wa mwisho. Kutoka jikoni sauti yake ikaanza tena, ya chini, isiyo na pengo, ikimwambia bata atulie. Mama Simu alikuwa bado amekaa na mguu umenyooka juu ya maji wakati walipotoka na kuufunga mlango wa mbele, polepole, mara moja tu.